Ng'ombe wa udongo walioniondolea wanafunzi kumi na wanne kule Nkasi

Wakuu habari zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mnivumilie, uzi ni mrefu na kioo cha simu yangu kimepasuka, kwa hiyo makosa ya herufi mtayameza tu. Ila hii sio chai. Yote yamenikuta mimi mwenyewe, na baadhi ya waliokuwepo bado wako hai. Nikiongeza chumvi watanisuta humu humu.

Kilichonileta ni hiki. Juzi nilikuwa kwa mtoto wa dada yangu. Ana binti wa miaka mitatu na nusu, anasoma baby class. Kaja na homework, aandike moja mpaka hamsini. Mama kamshika mkono wanaandika wote wawili. Mtoto analia, mama naye machozi yanamlengalenga. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni, lakini usingizi haukuja.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma.

Mimi ni Mfipa wa Milanzi, Sumbawanga mjini. (Wale wa utani wa radi na ungo nawaona. Endeleeni tu, ila ikiwalipukia msije kunililia.)

Nilimaliza form four miaka ya tisini mwanzoni, division ya aibu, sitaitaja. Enzi hizo soko huria ndio limepamba moto. Mitumba kila kona, mabasi ya watu binafsi, maduka yamejaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia redioni tu. Na chekechea za kulipia zikaanza kuchipuka. Mjini ilifunguliwa moja, watoto wa miaka minne wamevaa soksi ndefu wanaimba kwa Kiingereza. Wazazi walikuwa wanaenda kusimama kwenye uzio kuwasikiliza kama wako kwenye kwaya.

Nikapata kozi ya ualimu wa chekechea, miezi mitatu. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mnene, mpole, hapazi sauti. Kila siku wimbo wake ulikuwa ule ule. Mtoto wa miaka mitano vidole vyake havijakomaa kushika kalamu. Mpe udongo, mpe mbegu azipange, mwache aongee, na uanze na kile anachokijua kwao.

Niliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikapata cheti.

Nilipofika kituoni sikufanya hata moja.

Kituo chenyewe kilikuwa kijiji fulani kabla hujafika Namanyere. Jina naliacha, watu wapo. Darasa lilikuwa ndani ya godauni la ushirika. Ushirika ulikuwa umeshalala, godauni limebaki na harufu ya mbolea na panya wenye afya kuliko mimi. Serikali ya kijiji ikasema basi, watoto wakae humo.

Watoto thelathini na saba. Ishirini na watatu Wafipa wa pale kijijini. Kumi na wanne Wasukuma wa ng'ambo ya kijito, wazazi wao walihamia na ng'ombe miaka michache nyuma. Hawa nyumbani Kifipa, wale nyumbani Kisukuma. Kiswahili ndio lugha ya mwalimu peke yake.

Mimi nikafundisha kama nilivyofundishwa utotoni. Ubao, fimbo, a e i o u mpaka koo likauke. Darasa linaitikia kwa kelele, mzazi akipita barabarani anatabasamu. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Kulikuwa na binti anaitwa Kabula, miaka mitano, wa ng'ambo. Hasemi neno. Chaki anaishika kwa ngumi kama mtu anayetwanga. Nikamwonyesha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikampiga vidole kwa rula.

Siku tatu hakuja. Ya nne akaja bibi yake, peke yake, miguu imelowa maji ya kijito. Nikasema "Shikamoo bibi." Akaitikia vizuri tu, halafu akaniambia:

"Mwalimu, mjukuu wangu kidole kimevimba. Nimekuja kukuuliza, alikosa nini?"

Alikosa nini? Alikosa kuwa na miaka saba.

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nikamwomba radhi bibi wa watu. Hakunigombeza. Alisema tu "haya," akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jioni ile nikafungua daftari la kozi. Kesho yake fimbo nikaiingiza jikoni, ikapikia maharage.

Sasa sikilizeni uzuri.

Nilienda kijitoni na ndoo, nikabeba udongo wa mfinyanzi, nikaumwaga katikati ya godauni. Nikawaambia watoto, tengenezeni vitu vya nyumbani kwenu. Basi.

Godauni lililipuka. Watoto waliokuwa wakikaa kama mizigo wakaanza kuongea. Wafipa wakatengeneza vyungu, majiko, na yale matuta yetu ya duara, ntumba, yamepangwa mistari kama shamba lenyewe. Wasukuma wakatengeneza ng'ombe. Mtoto wa huku anamuuliza wa kule hiki nini, anajibiwa kwa Kisukuma, wanacheka, mwisho wanakutana kwenye Kiswahili bila mimi kusema lolote. Vidole vinabana, vinaviringisha, vinachonga pembe. Ndipo nikaelewa yule mama mkufunzi alikuwa anasema nini. Hayo yalikuwa mazoezi ya kalamu, ila kalamu haipo.

Na Kabula? Bibi alimrudisha, na Kabula aliongea! Alitengeneza ng'ombe wiki nzima. Mweusi anampaka masizi, mweupe anampaka majivu, mwekundu anamwacha na rangi ya udongo. Kila mmoja ana jina. Anawapanga, anawahesabu, anajua nani kazaliwa na nani. Ishirini na sita! Mtoto niliyemwona mzito!

Nilifurahi mno. Na hapo kwenye furaha ndipo nilipoharibu.

Kwenye kozi tulifundishwa kuonyesha kazi za watoto ili wajivunie. Nikatafuta ubao mrefu, nikauweka dirishani, nikapanga ng'ombe wote, kila mtoto na zizi lake. Chini nikabandika karatasi kwa maandishi makubwa. BOMA LA KABULA. BOMA LA MASANJA. Na kadhalika. Dirisha linatazama barabara. Anayepita anaona.

Nikamwita na mtendaji wa kijiji aje aone maendeleo.

Sikujua, au tuseme nilijua lakini sikuunganisha, kwamba mwezi ule mtendaji alikuwa anapita kuhesabu mifugo. Kulikuwa na maneno kwamba wenye ng'ombe wengi wataambiwa wapunguze au wahame. Kwa hiyo wafugaji walikuwa wameshapeleka nusu ya ng'ombe kwa ndugu zao, huku wanataja idadi ndogo. Na hata bila hilo, mfugaji humuulizi ana ng'ombe wangapi. Ni kama mimi nikuulize wewe hapo benki una kiasi gani. Utanijibu?

Lakini mtoto wa miaka mitano hana siri. Aliwaweka wote, na waliofichwa.

Mtendaji akasimama dirishani, akaanza kugusa wa Kabula kwa kidole mmoja mmoja. Akafika mwisho, akacheka.

"Mwalimu, huyu baba yake aliniambia kumi na mmoja."

Akatoa kidaftari akaandika. "Umenirahisishia kazi."

Na mimi, mjinga wa Milanzi, nikacheka naye. Watoto wote wakiwa pale wanasikia.

Kesho yake, Wasukuma kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyevuka kijito.

Kesho kutwa vile vile.

Siku ya tatu akaja mwenyekiti wa kamati ya shule. Mzee mkali, mnyoofu, sio mtu mbaya. Akanieleza wazi kwamba yuko mfanyabiashara wa mjini anataka godauni anunulie mahindi. Kijiji kilikuwa kinamkatalia kwa sababu ya watoto. Sasa watoto wamepungua, na hao waliobaki wanashinda kwenye matope.

"Wenzako mjini watoto wanaongea Kiingereza, wewe unafinyanga ng'ombe. Wiki mbili. Kamati itakaa. Nataka nione watoto wanaandika majina yao, la sivyo godauni linarudi kazini."

Usiku nilijifunga kitenge nikalia, nisiwadanganye. Asubuhi nikaamka na jambo moja kichwani, kwamba hili darasa halifi mkononi mwangu.

Nikaanza na mtendaji. Nilifika ofisini kwake kabla yake. Nikamwambia nataka ule ukurasa.

Akasema, "Mwalimu, ule ulikuwa utani."

"Kama ni utani, uchane."

Akasema ana kazi. Nikakaa kwenye benchi. Akatoka, akarudi, nipo. Akaenda kula, akarudi, nipo, nasuka mkeka wa darasa. Watu wanakuja na shida zao wananikuta, wananiuliza mwalimu kulikoni, najibu kwa sauti: nasubiri ukurasa. Saa tisa alasiri akauchana, akanitupia mezani. "Chukua, mwanamke una kichwa kigumu wewe." Nikamwambia asante, na nilimaanisha.

Nikachukua ungo, nikapakia ng'ombe ishirini na sita wa Kabula, nikavuka kijito.

Baba yake Kabula nilimkuta anaziba uzio wa zizi kwa miiba. Mtu mrefu, anaongea polepole. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kubahatisha, "Mwangaluka." Ilikuwa jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi. Bibi akacheka, yeye hakucheka.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mtoto wangu kaweka mpaka dume la pembe moja. Lile liko kwa kaka yangu, mbali huko. Mtu hajatumwa, atauliza mambo hayo?"

"Sikumuuliza. Nilimpa udongo tu."

Nikampa ule ukurasa. Akautazama, yeye hajui kusoma, akampa bibi kama vile bibi anajua. "Karatasi imechanika," akasema, "lakini yule jamaa kichwa chake hakijachanika. Ameshasoma."

Ukweli mtupu. Nikasema, "Nimekosa. Nilitangaza mali ya nyumba yako barabarani. Nimewarudisha."

Nikaweka ungo chini.

Kabula alikuwa nyuma ya bibi. Akatoka, akachuchumaa, akaanza kuwatoa. Hakuna aliyemwambia. Akawapanga mama na ndama wao, anataja majina yao kwa sauti ya chini. Mmoja akamweka pembeni peke yake. Baba akamuuliza kitu kwa Kisukuma, akajibu.

Bibi akanitafsiria. "Anamuuliza mbona huyo yuko peke yake. Amesema huyo alikufa tulipokuwa njiani kuja huku, lakini ni wa kwetu."

Baba Kabula akarudi kwenye miiba yake. Nikajua nimeshindwa, nikasimama kuondoka. Ndipo akasema bila kunitazama:

"Atarudi shule. Lakini ng'ombe zangu zilale kwangu."

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Mtoto akitengeneza kitu, jioni anabeba mwenyewe kwenda nacho kwao. Dirishani hakikuwekwa kitu tena. Nikapita boma kwa boma na ungo wangu, nikarudisha mazizi yote. Mpaka siku ya kikao walikuwa wamerudi tisa. (Na lile zoezi la kuhesabu liliyeyuka tu, mtendaji akahamishwa, wala hakuna aliyehamishwa ng'ombe wake. Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.)

Sasa kikao.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi pale, alinishauri. Chagua watoto kumi, wakalie na fimbo wiki mbili, wakariri kuandika majina tu. Kamati itapiga makofi, baada ya hapo finyangeni mpaka mchoke.

Wakuu, nilijaribiwa. Ingewezekana kabisa. Mtoto unaweza kumkaririsha chochote ukimtisha vya kutosha.

Nilikataa. Kile kidole cha Kabula nilikuwa bado nakiona.

Siku ya kikao godauni likajaa. Baridi ya Ufipa ile ya mwezi wa saba, watu wamejikunyata na masweta ya mtumba. Mwenyekiti akamwita mjukuu wake mwenyewe, Deo, miaka mitano, mwanafunzi wangu. Sijui kwa nini alimchagua yeye, nadhani alitaka asionekane anapendelea. Akampa daftari na kalamu mbele ya watu.

"Andika jina lako."

Deo akashika kalamu vizuri tu, vidole vitatu. Akachora mviringo mmoja mzuri. Kisha akaishia hapo, akamtazama babu yake.

Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti uso ukamshuka.

"Mwalimu, huyu mtoto hawezi kuandika jina lake?"

Nikasimama.

"Hawezi. Ana miaka mitano. Ataweza. Lakini muulizeni mashamba yenu yana matuta mangapi, muulizeni kipi kizito na kipi chepesi, muulizeni rafiki zake wa ng'ambo wanaitwa nani. Mwezi wa nne alikuwa anajificha nyuma ya mlango anajikojolea. Kama mnataka aandike leo nipeni fimbo, ataandika. Ila atachukia daftari mpaka anakufa. Fimbo mimi siishiki tena."

Mwenyekiti akaitisha mikono.

Nilishindwa. Tena sio kidogo. Wakasema nikabidhi funguo Jumatatu.

Wakati watu wameanza kunyanyuka, nyuma kabisa akasimama Baba Kabula. Hawa watu wa ng'ambo hawakuwahi kuja kwenye kikao cha shule. Akasema polepole vile vile:

"Mimi nina banda la mkokoteni. Mkokoteni unaweza kulala nje. Mwalimu aje na watoto."

Minong'ono ikaanza. Mjue kulikuwa na ugomvi. Ng'ombe wa ng'ambo walishakula ntumba za watu misimu miwili. Mama mmoja akasema wazi, "Mtoto wangu asomee zizini kwa Wasukuma?" Watu wakaguna kumuunga mkono.

Jumatatu nikakabidhi funguo, nikajitwisha mikeka, nikavuka.

Banda lilikuwa limefagiliwa. Watoto kumi na wanne wa ng'ambo wote wapo, hata wale watano ambao walikuwa hawajarudi. Wa upande wetu, hakuna. Saa mbili, hakuna. Saa mbili na nusu, hakuna. Nikaanza somo huku jicho langu liko kijitoni. Kwenda kuwaomba sikwenda. Nilisema nikibaki na hawa kumi na wanne, nitafundisha hawa kumi na wanne.

Saa tatu na ushee nikaona mtu anavuka. Mwanamke mtu mzima, kitenge kimepandishwa magotini, mgongoni kabeba mtoto mkubwa asiyestahili kubebwa tena, miguu inaning'inia. Alikuwa Mama Leokadia, mke wa mwenyekiti. Mgongoni alikuwa Deo.

Akamshusha, akamfuta pua, akanipa mfuko wa maharage ya kuhesabia. Nikamuuliza kwa woga, mwenyekiti anajua?

"Mwenyekiti ni wa kamati," akasema. "Mtoto ni wangu mimi."

Akakaa kwenye mkeka mpaka mchana, anakausha kitenge chake. Watu wote wa kijiji walimwona anavuka, na walimwona anarudi. Kesho yake walivuka sita. Mwezi ulipoisha walikuwa kumi na wanane, na baba zao wenyewe ndio walioweka magogo ya kuvukia kijito.

Nilifundisha kwenye lile banda miaka tisa.

Nilichojifunza? Kwanza, kujua kitu kwenye daftari sio kukijua. Nilikuwa na cheti na bado nilimpiga mtoto kwa kosa la umri wake. Pili, ukisema unaanza na anachokijua mtoto kwao, kumbuka umeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Ingia kwa adabu. Mtoto atakuletea nyumba nzima mkononi, sio yako ya kutundika barabarani. Na wewe mzazi, usione watoto wa jirani wanaimba Kiingereza ukadhani wako amechelewa. Hajachelewa. Hakuna anakokimbilia.

Kuna atakayesema hayo ni ya zamani, siku hizi ushindani ni mkali. Sawa. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu havijasikia habari za ushindani.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa chekechea, wazazi, hata wamiliki wa shule, semeni. Matusi pia yaleteni, nilishazoea kupigiwa kura ya hapana na kijiji kizima nikaenda kufundisha Jumatatu yake.